UZI: Kabla hujamchora Hercules na misuli yake, pitia hapa kwanza

WinoMweusi (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila nikipita kwenye makundi ya wachoraji nakutana na Hercules yuleyule: kifua kimetanuka, meno nje, rungu hewani, simba chini. Mvue ile ngozi ya simba na humtofautishi na mwanamieleka yeyote wa kwenye bango. Nataka tuzipitie zile kazi zake 12 na jinsi mafundi walivyozichora na kuzichonga tangu karne ya 6 KK, kwa sababu mle ndani kuna shule ya bure ambayo wengi wetu tunaipita mlangoni.

Kwa wasioijua hadithi, naifupisha. Herakles (Warumi ndio waliomwita Hercules) ni mtoto wa Zeus, mkuu wa miungu, kwa Alkmene, mwanamke wa kibinadamu. Hera, mke wa Zeus, hakuwahi kumsamehe kwa kuzaliwa. Akampandisha wazimu, na ndani ya wazimu huo Herakles akawaua watoto wake mwenyewe. Alipozindukana akaenda Delphi, hekalu la kuulizia miungu, kuuliza afanye nini. Akaambiwa akamtumikie Eurystheus, mfalme wa Tiryns, jamaa yake wa ukoo na mtu mwoga kupindukia. Ndipo amri zikaanza: simba wa Nemea, joka la Hydra, ayala mwenye pembe za dhahabu, nguruwe mwitu wa Erymanthos, zizi la Augeas, ndege wa Stymphalos, fahali wa Krete, farasi wala watu wa Diomedes, mshipi wa malkia wa Amazon (kabila la wanawake wapiganaji), ng'ombe wa Geryon, matufaha ya Hesperides, na mwisho Kerberos, mbwa wa kuzimu. Apollodoros, ambaye mkusanyo wake wa hadithi ndio tunaoutegemea kwa mpangilio huu, anasema awali zilikuwa kumi. Mfalme akazikataa mbili: ya Hydra kwa kuwa Herakles alisaidiwa na Iolaos, mtoto wa ndugu yake, na ya zizi kwa kuwa aliomba ujira. Zikaongezwa mbili, zikawa 12.

Kwa hiyo huyu ni mtu anayetumikia adhabu kwa damu ya wanawe, tena chini ya bosi asiyemfikia hata kidole. Mchoro unaomwonyesha anachekelea juu ya mzoga wa simba umeikosa hadithi kabla ya kutia wino.

Sasa twende Olympia. Hekalu la Zeus pale lilijengwa takriban kati ya 470 na 457 KK, msanifu akiwa Libon wa Elis. Juu ya nguzo za ndani, sita mbele na sita nyuma, waliweka vibao vya marumaru vyenye urefu wa mita 1.6 hivi kwenda juu, kila kimoja na kazi yake. Vingi viko makumbusho ya palepale Olympia, vipande vingine Wafaransa walivichimbua mwaka 1829 na viko Louvre, makumbusho ya Paris. Fundi wake hatumjui jina. Kwangu mimi hakuna aliyemfikia.

Angalia kibao cha simba. Ungetegemea vurugu, kumbe simba ameshakufa. Herakles, kijana ambaye hata ndevu hajaota, ameweka mguu juu ya mzoga, kiwiko juu ya goti, kichwa kimeegemea mkono. Amechoka. Kazi ya kwanza tu, bado 11. Athena, mungu wa kike anayemsaidia, yuko pembeni, naye ana sura ya binti mdogo. Ukienda kwenye vibao vya baadaye, Herakles ana ndevu na Athena amekomaa. Yaani fundi amezeesha wahusika wake kibao hadi kibao, bila maandishi, miaka karibu 2,500 iliyopita.

Halafu kibao cha matufaha. Herakles amekubali kubeba mbingu ili Atlas, jitu ambalo ndiyo kazi yake kuibeba, akamletee matufaha. Mbingu yenyewe haijachongwa. Ukingo wa juu wa jengo ndio mbingu! Fundi ametumia uzito wa hekalu lenyewe. Mabegani mwa Herakles kuna mto uliokunjwa, maana hata mwana wa Zeus mabega yanamuuma. Athena amesimama nyuma yake, ameinua mkono mmoja kusaidia, wala hakunji uso. Mbele, Atlas anamwonyesha matufaha ambayo hawezi kuyapokea kwa sababu mikono yake imeshikilia anga. Miili mitatu iliyosimama wima, hakuna anayempiga mwenzake, na bado huwezi kuondoa macho.

Hoja yangu ni hiyo tu, mengine yote ni mifano: nguvu haionekani mpaka uonyeshe inachogharimu. Kwa hiyo swali la kwanza la mchoraji ni achukue dakika ipi ya hadithi. Misuli ije baadaye.

Nitaendelea. Ulizeni tu katikati.

Dogo Penseli

Tiririka mkuu, nipo siti ya mbele. Ila hapo kwa simba: Ugiriki na simba wapi na wapi? Hao wachongaji si walikuwa wanabuni tu mnyama?

WinoMweusi

Dogo, simba walikuwepo. Herodotos, mwanahistoria wa Kigiriki, anaeleza kwamba mwaka 480 KK, jeshi la Xerxes mfalme wa Uajemi likipita kaskazini mwa Ugiriki, simba walishuka usiku na kushambulia ngamia wa mizigo, wakaacha watu na wanyama wengine. Ni kweli kwamba fundi wa Athens au Olympia hakuwa akipishana nao njiani, na wengi walijifunza simba kutoka kwenye michoro ya watu wa mashariki. Ndiyo maana simba wa kwenye mitungi ana manyoya yaliyopangwa kwa nukta na mistari.

Sisi tuna bahati ya picha na video za simba halisi, tuzitumie. Lakini kumbuka huyu wa Nemea ngozi yake haikuingia chuma. Mishale ilimdunda. Herakles akamfukuza kwa rungu hadi kwenye pango lenye midomo miwili, akaziba mmoja, akaingia kwa mwingine, akamkaba koo. Kwa hiyo ukimchora anamchoma mkuki umekosea.

Wachoraji wa mitungi walikuwa na ujanja wa kulisema hilo bila neno. Kuna mtungi wa mchoraji Psiax uliopo Brescia, Italia, wa miaka ya 520 KK hivi: Herakles na simba wamelala chini wameshikana, vichwa vimegusana. Katika michoro ya aina hiyo utaona nguo na podo la mishale vimetundikwa juu, kama kwenye tawi. Silaha zimewekwa kando kwa sababu hazifai kitu. Mtazamaji anaelewa papo hapo. Hiki ndicho ninachokiita akili ya mchoraji: kitu kidogo kwenye kona kinafanya kazi ya aya nzima.

Shubiri

Mleta mada, unaandika vizuri lakini tuwe wakweli. Anayelipia mchoro anataka kuona ngumi. Ukimpelekea mtu ameinamisha kichwa atakuuliza pambano liko wapi. Nadharia za makumbusho hazilipi kodi ya nyumba.

WinoMweusi

Shubiri, nakubali kodi ni kodi. Lakini sanamu ya Hercules iliyonakiliwa pengine kuliko zote duniani haina ngumi hata moja.

Inaitwa Hercules wa Farnese. Glykon wa Athens aliichonga mwanzoni mwa karne ya 3 BK kwa kufuata kazi ya Lysippos, bingwa wa karne ya 4 KK. Ilikaa kwenye mabafu ya mfalme Caracalla kule Roma, ikafukuliwa mwaka 1546, leo iko Napoli. Ina zaidi ya mita tatu. Misuli unayoitaka yote ipo, tena ya kumwaga. Lakini mtu mwenyewe ameegemea rungu, ngozi ya simba imening'inia, kichwa kimeshuka. Mkono wa kulia ameuficha mgongoni. Ukizunguka nyuma ndipo unaona ameshika matufaha: kazi imekwisha, na haonekani kufurahi. Wafalme na matajiri wa Ulaya waliagiza nakala zake kwa karne nyingi, na walilipa.

Hendrick Goltzius, Mholanzi, alikwenda Roma na kuichora kutokea nyuma, miaka ya 1590. Chini pembeni akaweka vichwa vya wanaume wawili wadogo wakiitazama juu kwa mbele. Sisi tunaona matufaha, wao wanaona uso. Picha moja, siri mbili. Na Goltzius huyohuyo mwaka 1589, kabla ya safari hiyo, alikuwa amechapa Hercules mwenye misuli iliyojaa vinundu kama gunia la viazi, hadi Waholanzi wakampa jina la utani. Ukiziweka kazi hizo mbili mezani pamoja utajiamulia mwenyewe ipi inakaa kichwani.

Bint Pemba

Naomba niongeze, kaka Wino, maana umewasahau wachekeshaji. Mimi nafundisha kauri na hii ndiyo sehemu niipendayo.

Wachoraji wa mitungi ya Athens walipenda mno dakika moja ya nguruwe mwitu, na haikuwa dakika ya kumkamata. Walipenda wakati wa kumpeleka kwa bosi. Eurystheus alikuwa na mtungi mkubwa uliofukiwa ardhini, wa kujifichia. Basi unamwona Herakles ameweka mguu kwenye ukingo wa mtungi, nguruwe begani, anataka kumshusha juu ya kichwa cha mfalme, na mfalme amebakiza kichwa na mikono miwili inayopunga: toa, toa, toa! Mchoro huu ulirudiwa kwenye mitungi chungu nzima. Na kumbukeni ulichorwa juu ya chombo cha divai, kwa hiyo watu walikuwa wanacheka wakinywa.

Kilele cha utani huo kiko Louvre, mtungi wa maji uliotengenezwa Caere, Italia ya kati, takriban 530 hadi 525 KK. Safari hii Herakles kaleta Kerberos. Mbwa ana vichwa vitatu na kila kimoja kina rangi yake, nyoka wamechomoza kichwani na miguuni, na mfalme yumo ndani ya mtungi amerusha mikono juu. Fundi yule alikuwa na rangi chache sana, nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo, na ameitumia kila moja mahali pake.

Mwanafunzi akiniuliza afanyeje ili nguvu za Herakles zionekane, namwambia mchore Eurystheus kwanza.

WinoMweusi

Dada umenipokonya chakula mdomoni, lakini umekipika vizuri kuliko mimi. Asante.

Niongeze la Kerberos, maana liko swali la vichwa vingapi. Mshairi Hesiodos anampa 50. Apollodoros anasema vitatu vya mbwa, mkia wa joka, na vichwa vya nyoka mgongoni. Wachoraji wa Athens mara nyingi waliridhika na viwili. Mtungi wa mchoraji tunayemwita Mchoraji wa Andokides, nao uko Louvre, unamwonyesha mbwa wa vichwa viwili mlangoni pa kuzimu, na Herakles ameinama kidogo, mnyororo mkono mmoja, mkono mwingine ameunyosha mbele taratibu, namna unavyomsogelea mbwa usiyemjua uani kwa watu. Rungu halimo katika mazungumzo hayo. Hadithi yenyewe inasema Hades, mfalme wa kuzimu, aliruhusu mbwa achukuliwe kwa sharti la kutotumia silaha. Mchoraji alisoma sharti, wengi wetu hatulisomi.

Dogo Penseli

Sawa, lakini Hydra je? Pale huwezi kukwepa pambano. Na vichwa vikikatwa vinaota viwili viwili, mkono unachoka kabla ya joka.

WinoMweusi

Hydra ni pambano kweli, wala sikatai. Apollodoros anasema vichwa tisa, nane vinakufa, cha katikati hakifi. Herakles anaponda, Iolaos anachoma shingo kwa moto ili kisiote kingine, na wakati huohuo kaa mkubwa anamng'ata Herakles mguu. Kile kichwa kisichokufa kikafukiwa chini ya mwamba.

Usimwache Iolaos nje. Wengi wanamfuta ili shujaa abaki peke yake, kumbe yeye ndiye sababu mfalme aliikataa kazi hii, tena ndiye mwenye mwanga. Kwa mchoraji, mtu mwenye mwenge ni zawadi: anakupa chanzo cha mwanga ndani ya picha, na shingo za joka zinapata kivuli bila kubahatisha. Na kaa usimsahau, ndiye anayelishusha jicho la mtazamaji hadi ardhini.

Kwa mifano, tazama Antonio del Pollaiuolo wa Firenze, karibu mwaka 1475. Kibao chake cha Hercules na Hydra, kilichopo makumbusho ya Uffizi, kina urefu wa sentimita 17 au 18 tu, karibu sawa na kiganja kilichonyooshwa. Lakini mwili wa Hercules umejipinda mpaka unahisi mgongo wako. Nyuma yake akaweka bonde refu na mto unaopinda hadi upeo, kwa hiyo kibao cha kiganja kinaonekana kama ukuta. Mwenye kuniambia hana karatasi kubwa, ninampeleka hapo.

Gustave Moreau wa Paris alikwenda njia tofauti kabisa miaka ya 1875 na 1876. Mchoro wake uko Chicago. Hercules amesimama upande mmoja, Hydra amejiinua upande wa pili, maiti zimelala kati yao kwenye tope, na hakuna aliyeanza. Wanatazamana. Hiyo ni sekunde moja kabla. Mimi nauona una nguvu kuliko kila mchoro wa Hydra niliouona wenye upanga katikati ya shingo.

Mzee Chaki

Vijana, hongereni kwa mjadala usio na matusi. Mimi nimestaafu ualimu, naomba niwape jambo moja la mpangilio kwa anayetaka kuchora zote 12 kwa mfululizo.

Tazameni ramani. Kazi sita za mwanzo zote ziko Peloponnesos, rasi ya kusini mwa Ugiriki, jirani na kwa mfalme. Baada ya hapo duara linapanuka: kusini Krete, kaskazini Thrace kwa farasi wa Diomedes, mashariki kwa Amazon, magharibi ya mbali Erytheia kwa Geryon. Kisha bustani ya Hesperides mwisho wa dunia, kisha chini ya dunia. Mfalme anamtuma mbali zaidi kila mara, na mimi nasema anatumaini hatarudi. Mchoraji akilijua hilo, mandhari ya nyuma yatabadilika yenyewe: vilima vinavyofahamika mwanzoni, bahari baadaye, giza mwishoni.

La pili ni mavazi. Katika kazi ya kwanza hana ngozi ya simba, maana bado simba anaitumia. Nimeona vitabu vya watoto ambamo Hercules anapigana na simba wa Nemea huku amemvaa! Kuanzia ya pili, taya la simba liko juu ya kichwa chake na miguu ya mbele imefungwa shingoni. Baada ya Hydra, mishale yake ina sumu, kwani aliichovya katika nyongo ya joka. Ncha za mishale zipewe rangi yake kuanzia hapo.

Na kwa anayependa kusoma: Euripides, mwandishi wa Kigiriki, katika tamthilia yake kuhusu Herakles, aligeuza mpangilio, wazimu ukaja baada ya kazi zote. Shujaa anarudi nyumbani mshindi ndipo anaua wanawe. Ukifuata mpangilio huo, uso wa Herakles katika michoro yote 12 utakuwa mwingine, wa mtu asiye na hatia bado.

WinoMweusi

Shikamoo mwalimu. Hilo la nyuso sikuwa nimelifikiria hivyo, na linabadilisha mfululizo mzima.

Kombeo

Swali la kizushi. Huyu jamaa kwenye sanamu zote yuko uchi. Nina kazi ya kitabu cha watoto wa shule, nikichora hivyo mhariri ananirudishia kabla sijatoka mlangoni. Nimvalishe nini bila kuwaudhi Wagiriki?

Bint Pemba

Mvalishe bila wasiwasi. Kwenye mitungi mingi ya Athens yenye picha nyeusi, Herakles amevaa vazi fupi linaloishia juu ya magoti, kisha ngozi ya simba juu yake, na mkanda kiunoni unaishika ngozi isipepee. Kwa hiyo vazi ni la Wagiriki wenyewe. Uchi ni desturi ya kuwaonyesha mashujaa na wanamichezo, mchoraji alichagua.

Na jina lako limenikumbusha: kuna mtungi British Museum, wa karibu 540 KK, Herakles anawaangusha ndege wa Stymphalos kwa kombeo. Kila mtu anategemea upinde, fundi huyu kampa kombeo. Ndege wamejaa hewani, wengine wanaanguka, wana shingo za bata bata hivi. Kwa kitabu cha watoto hiyo ni dhahabu.

Shubiri

Nimetulia kidogo, naendelea kusoma. Wino, huyu mtu alifika Afrika? Nimesikia habari ya Misri.

WinoMweusi

Alifika, kwa mujibu wa Wagiriki. Akiwa njiani kutafuta matufaha alipita Libya, akapigana mieleka na jitu Antaios, kisha Misri, ambako mfalme Busiris alikuwa akiwachinja wageni madhabahuni. Herakles akakubali kufungwa, akapelekwa hadi madhabahuni, kisha akakata kamba na kuwageukia.

Mafundi walewale wa mitungi ya Caere waliichora. Mtungi uko Vienna. Herakles amechorwa mkubwa kupita wote, anawakanyaga na kuwakaba Wamisri huku na huku, na ukiwa umeona kuta za mahekalu ya Misri utashtuka: ndivyo farao anavyochorwa akiwaponda maadui zake. Fundi ameichukua picha ya kifalme ya Wamisri akaigeuza dhidi yao, mgeni ndiye farao. Upande wa pili kuna askari Waafrika wenye fimbo wanakuja mbio kutoa msaada. Ni utani wenye meno, na si lazima tuufurahie. Herodotos mwenyewe aliikejeli hadithi hii: akasema Wamisri hata wanyama wa kutoa sadaka wana masharti nao, itakuwaje wachinje binadamu? Na mtu mmoja aue maelfu? Ukiichora, chora pia shaka ya Herodotos, au iache kabisa. Mimi nimeiacha.

Antaios ni habari nyingine, namchora kila nafasi ikipatikana. Mchoraji Euphronios wa Athens, kwenye bakuli kubwa la Louvre, miaka ya 515 hadi 510 KK, amewalaza chini wote wawili. Nywele na ndevu za Herakles zimechanwa, za Antaios zimetimka, meno yanaonekana, mkono wake umeanza kulegea. Kifo kinaanzia kwenye vidole. Hayo ni mambo ya kujifunza kwa kunakili mstari kwa mstari, usiku, taa ikiwa karibu.

Na usidhani Afrika ilibaki kuwa mandhari tu. Kule Volubilis, Morocco, kuna nyumba ya enzi za Warumi yenye sakafu ya mosaiki ya kazi hizi hizi. Watu walikula chakula juu ya Hydra.

Dogo Penseli

Kwa hiyo mkuu lazima zote 12? Nina nafasi ya kurasa kumi.

WinoMweusi

Hata wakubwa walipunguza. Francisco de Zurbarán mwaka 1634 alipewa ukumbi wa kifalme wa Buen Retiro, Madrid. Juu ya madirisha kulikuwa na nafasi kumi, basi akachora kumi. Tena hakufuata orodha: aliacha ndege, aliacha Amazon, aliacha hata matufaha, akaweka Antaios, akaweka Hercules akitenganisha milima ya mlango wa bahari wa Gibraltar, na akamalizia na kifo chake, shati lenye sumu linamuunguza. Wafalme wa Hispania walidai Hercules ni babu yao, kwa hiyo Gibraltar ilikuwa na sababu. Leo zote ziko makumbusho ya Prado, Madrid. Kwangu baadhi ni nzito mno, miili kama imechongwa mbaoni, lakini zilikusudiwa kuonwa kutoka chini, na nadhani mtu akizitazama kwa kimo cha macho anazionea.

Kwa kurasa kumi, mimi ningetoa fahali na farasi. Zinafanana na nyingine, mnyama anakamatwa, basi. Ayala usimtoe: mwaka mzima wa kumfukuza bila kumjeruhi, maana ni wa Artemis, mungu wa kike wa uwindaji. Ni jike lakini ana pembe, za dhahabu, jambo ambalo ayala jike wa kawaida hana, kwa hiyo usimsahihishe kwa kufuata vitabu vya wanyama.

Geryon pia abaki. Miili mitatu iliyoungana. Wengi wanaogopa kuichora, lakini Euphronios, kwenye kikombe kilichopo München, aliichora kama askari watatu bega kwa bega, ngao zimepishana, na mmoja ameshapigwa mshale jichoni anaanguka nyuma huku wawili bado wanapigana. Orthros, mbwa wa Geryon, amelala chali na mshale mwilini. Pindua kikombe upande wa pili unakuta ng'ombe wanaswagwa.

Shubiri

Haya, umenishika. Mimi nachukua zizi la Augeas, kwa sababu sijawahi kuona mtu amelichora likavutia. Kwenye mitungi hata sijalikuta.

WinoMweusi

Hutalikuta kirahisi, wachoraji wa mitungi walilikwepa. Samadi haina utukufu. Olympia ndiko lilikopata heshima, na sababu ni ya kijirani: Augeas alikuwa mfalme wa Elis, wilaya yao wenyewe, na mto Alpheios uliogeuzwa kusafisha zizi unapita pale pale. Kwenye kile kibao Herakles ameinamia kazi, ameshika kifaa kirefu mithili ya chepe, mwili wote umekaa mshazari. Athena amesimama wima nyuma yake, kofia ya chuma kichwani, ananyoosha mkuki chini kumwonyesha pa kubomoa. Mistari miwili inakatana, wa mwili wake na wa mkuki. Anza na hiyo mistari miwili kabla ya kitu kingine chochote.

Mto usiuonyeshe umeshafurika. Chora ukuta una ufa, maji yanaanza kutokeza miguuni pake, ng'ombe mmoja ameinua kichwa. Samadi iwe nyingi, ipande hadi kwenye magoti, usione haya. Ngozi ya simba aivue aitundike mahali, nani anafanya kazi hiyo na ngozi mgongoni? Ukimaliza rasimu ya penseli itupie hapa tuitazame. Wino usitie kwanza.

Shubiri

Jumapili.